ARUBAINI NA KARANTINI: WAHAKA WA WAZAZI KATIKA MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI, 2020–2021

1. Utangulizi

Katika Kiswahili yapo maneno mawili ambayo asili yake ni hesabu moja, lakini yaliingia katika lugha kwa milango tofauti na yakapewa kazi tofauti. Neno la kwanza ni arubaini, lililotoka katika Kiarabu. Pamoja na kutaja idadi, neno hilo hutaja pia zile siku 40 ambazo mzazi hukaa ndani baada ya kujifungua, akihudumiwa na wanawake wa kwao. Neno la pili ni karantini. Hili lilifika Afrika ya Mashariki kwa njia ya Kiingereza, lakini shina lake limo katika lugha ya Venezia, ambako merikebu zilizotoka katika nchi zenye tauni zilizuiliwa siku 40 kabla ya abiria kuruhusiwa kushuka. Desturi yenyewe ilikuwa imetangulia katika mji wa Ragusa, unaoitwa leo Dubrovnik, mwaka 1377, lakini huko muda wa awali ulikuwa siku 30. Venezia ndiyo iliyoipa dunia hesabu ya 40, na pamoja na hesabu hiyo, jina.

Arubaini humkusanyia mzazi watu. Karantini huwatawanya. Kwa muda mrefu maneno haya yalikaa katika lugha bila ya kugongana, kwa kuwa moja lilikuwa la chumba cha ndani na jingine la bandari na ofisi ya afya. Katika mwaka 2020 yalikutana katika nyumba moja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi yalivyokutana katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile iitwayo kwa jumla Eastlands, na jinsi kukutana huko kulivyozaa wahaka kwa wajawazito na wazazi. Hoja inayotolewa ni kwamba wahaka huo haukuwa hofu ya maradhi peke yake. Ulikuwa pia na historia, kwa sababu mitaa hiyo ilikwisha kufungwa mara nyingi kabla ya korona, na kila kufungwa kuliacha alama katika kumbukumbu na katika msamiati wa wakazi wake.

2. Maneno yenyewe

Inafaa kwanza kuyatazama baadhi ya maneno ambayo Kiswahili huyatumia kwa hali ya uzazi. Mwanamke mwenye mimba huitwa mja mzito. Neno mja, ambalo washairi hulitumia kwa maana ya binadamu mbele ya Mola wake, limeunganishwa hapa na uzito, na uzito huo si wa mwili tu. Siku zake zinapotimia husemwa kwamba amejifungua. Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na -funga katika kauli ya kutendua, yaani -fungua, kikatanguliwa na kiambishi cha kujirejea. Kwa hiyo katika fikra ya lugha, mwenye kuzaa hujifungua mwenyewe. Wengine humsaidia, humshika mkono na humkanda kwa maji ya moto, lakini kitendo ni chake.

Kitenzi hicho hicho cha -funga ndicho kilichotumika kueleza hatua za serikali katika 2020. Mji ulifungwa, mipaka ya kaunti ilifungwa, soko lilifungwa, watu walifungiwa. Msemaji wa Kiswahili katika Kaloleni au Kayole alikuwa na sentensi mbili zenye shina moja: mji umefungwa, na fulani yu karibu kujifungua. Lugha haikutunga kinyume hicho kwa makusudi, lakini kinaonyesha vizuri tatizo lililokuwapo. Jambo ambalo kwa desturi hufunguka lilitakiwa kufunguka ndani ya mji uliofungwa.

Kuhusu hofu yenyewe, Kiswahili kina maneno kadhaa: hofu, mashaka, fadhaa, wahaka, wasiwasi. Haya hayana maana moja. Hofu huwa na kitu kinachohofiwa. Wasiwasi hutokana na neno la Kiarabu linalotaja mnong'ono, nalo limo katika sura ya mwisho ya Kurani likihusu mnong'ono wa shetani katika nyoyo za watu. Kwa hiyo wasiwasi, kwa asili, ni sauti ndogo isiyonyamaza, ambayo mwenye kuisikia hana hakika kama inasema kweli. Wahaka ni hali ya moyo kutotulia kwa kungojea jambo. Katika mazungumzo ya kila siku Nairobi, maneno haya aghalabu huachwa, na mtu husema tu kwamba ana mawazo mengi. Tofauti hizi zitaonekana kuwa na maana zaidi itakapozungumzwa namna wataalamu wa afya wanavyoipima hali hiyo.

3. Mji uliojengwa bila ya mzazi

Nairobi ya kikoloni haikukusudiwa kuwa mahali pa kuzalia watoto wa Kiafrika. Ilikusudiwa kuwa mahali pa kazi, na mfanyakazi aliyefikiriwa alikuwa mwanamume aliyeacha mke na watoto katika sehemu za akiba mashambani. Kuanzia 1920 alitakiwa kubeba kipande, na mahali alipolala palihesabiwa kwa kitanda wala si kwa familia. Hata hivyo vijiji vya Waafrika vilikuwapo mjini tangu mwanzo, na kimojawapo kilichojulikana sana ni Pangani. Humo wanawake wengi walimiliki nyumba zao, na wengi wao walikuwa wameingia Uislamu na kuchukua mwenendo wa Waswahili. Chumba cha kupanga, lugha ya Kiswahili na desturi za uzazi za pwani, pamoja na arubaini, vilipata makao Nairobi kwa mikono ya wanawake hao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilianzisha Pumwani kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Sababu iliyotolewa mara kwa mara katika zama hizo ilikuwa afya. Tauni ilikuwa imeingia Nairobi mapema, na katika 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa ajili yake. Baada ya tauni nyingine, Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoa ushauri, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Hivyo tangu mwanzo, katika akili ya watawala, maradhi na makao ya mtu wa chini yalikuwa jambo moja, na dawa ya yote mawili ilikuwa kutenga.

Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilipita katika mji wa namna hiyo. Iliingia kwa bandari ya Mombasa ikafuata reli hadi bara, wakati ambapo wapagazi wa vita, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariokor, walikuwa bado hawajarejea wote makwao. Vifo katika nchi nzima vimekadiriwa kuwa karibu 150,000. Duniani kote homa hiyo ilijulikana kwa kuwaua wajawazito kwa wingi kuliko watu wengine wa umri wao. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1921, sheria ya afya ya umma ya Kenya ilianza kutumika. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo iliyokuwa msingi wa kanuni za korona zilizotangazwa katika 2020. Kwa hiyo mjamzito wa Dandora aliyeamriwa kukaa ndani mwaka huo aliamriwa kwa sheria yenye umri wa karibu miaka mia moja.

Katika 1926 ilianzishwa nyumba ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, na katika 1944 ikawa chini ya baraza la mji. Hiyo ndiyo hospitali ya Pumwani, ambayo leo ni moja ya hospitali kubwa kabisa za uzazi kusini mwa Sahara. Jina la Pumwani wenyeji hulihusisha na kupumua na kupumzika. Kuanzia hapo mitaa mingine iliongezeka kuizunguka: Ziwani, Kaloleni, Bahati, Makadara, Mbotela, Ofafa, Jericho. Katika 1954 Kamati ya Carpenter ilikubali kwamba mfanyakazi wa Kiafrika alipwe mshahara wa kutosha kuweka familia mjini. Ni baada ya hapo tu ndipo mama na mtoto walipoanza kuhesabiwa waziwazi kuwa wakazi wa Nairobi. Baada ya uhuru zikaja Buru Buru, Umoja, Dandora na Kayole, na baadaye nyumba za ghorofa za vyumba vya kupanga katika Huruma na kwingineko, ambamo familia nyingi hutumia bomba moja na choo kimoja.

4. Kafyu kabla ya korona

Neno kafyu halikuwa geni katika mitaa hii. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mitaa ya Waafrika ikawekwa chini ya amri za kutotembea usiku. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Wanaume wakiisha kuchukuliwa, wanawake waliobaki, wajawazito wakiwamo, walijikuta bila ya mapato wala kibali cha kukaa mjini. Mara ya pili ilikuwa Agosti 1982, baada ya jaribio la kuipindua serikali lililoanzia katika jeshi la anga, ambalo kambi yake kubwa ilikuwa Eastleigh. Amri ya kutotoka usiku ilitangazwa tena, na askari wakapita nyumba kwa nyumba.

Kwa mkazi mwenye umri wa kutosha, basi, kafyu lilikuwa neno la siasa na la bunduki kabla ya kuwa neno la afya. Bibi aliyezaliwa Shauri Moyo aliwahi kulisikia akiwa mtoto, akalisikia tena akiwa mama, na sasa alilisikia mara ya tatu akiwa na mjukuu aliye karibu kujifungua. Alipomwonya mjukuu huyo asithubutu kutoka usiku hata uchungu ukimshika, onyo lake halikutokana na habari za virusi bali lilitokana na mambo aliyoyaona. Historia hii ni lazima izingatiwe na yeyote anayetaka kueleza kwa nini amri ya mwaka 2020, ambayo kwa maneno yake ilikusudia kuokoa maisha, ilipokelewa kwa hofu ya aina ile.

5. Mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kuanzia tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutoka nje kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri. Usiku wa tarehe 30 Machi mvulana mwenye umri wa miaka 13, aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, aliuawa kwa risasi ya polisi waliokuwa wakitekeleza amri hiyo. Hakuwa barabarani, alikuwa kwao. Mapema Juni mamlaka huru inayochunguza mwenendo wa polisi ilikwisha kutaja vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji wa kafyu.

Uchungu wa uzazi hauna saa. Ukianza saa 3 za usiku katika Huruma, mwanamke alihitaji gari, na gari lilihitaji dereva aliye tayari kukutana na kizuizi cha polisi. Watoa huduma za lazima waliruhusiwa kupita, lakini dereva wa teksi au wa bodaboda hakuwa na hakika kwamba maelezo yake yatasikilizwa. Mchana nako nauli ilikuwa imepanda, kwa kuwa matatu ziliamriwa zipunguze abiria, na ile ya watu 14 ikabaki kubeba 8. Vibarua vya kufua na kusafisha nyumba, ambavyo wanawake wengi wa mitaa hii huvitegemea, vilikoma mara moja, maana waajiri hawakutaka mtu wa nje aingie kwao. Mjamzito alitakiwa anawe mikono mara kwa mara kwa maji aliyoyanunua kwa mtungi.

Kulikuwa na mgongano mwingine, ambao ulikuwa wa maneno. Tangu tarehe 1 Juni 2013 serikali ilikuwa imefuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na mpango wa Linda Mama ukafuata katika 2016. Kwa muda wa miaka saba ujumbe mmoja ulirudiwa redioni na katika mikutano ya machifu: mama, njoo hospitalini. Ghafla ujumbe ukawa: kaa nyumbani. Wenye kutoa amri walijua kwamba ujumbe wa pili haukukusudia kuufuta wa kwanza. Mwenye mimba ya miezi minane hakupewa njia ya kuyaunganisha hayo mawili. Akienda kliniki alihofu kuambukizwa. Asipokwenda, alihofu kwamba mtoto hachezi tumboni na hana wa kumwambia. Mnong'ono ulitoka pande zote mbili.

Hofu ya hospitali ilizidishwa na mambo mengine. Katika mwaka huo baadhi ya wafanyakazi wa Pumwani wenyewe waliambukizwa. Hospitali nyingi zilizuia jamaa kuwafuata wajawazito wodini. Septemba 2020 zilienea nchini picha za mwanamke aliyejifungulia nje ya lango la Pumwani wakati wa mgomo, na Desemba wauguzi na matabibu wakagoma tena, safari hii kwa majuma mengi. Chanjo ilipoanza kutolewa Machi 2021 ilileta swali jipya badala ya utulivu. Majaribio ya kwanza ya chanjo duniani hayakuwashirikisha wajawazito, na kwa hiyo mwanzoni hawakuweza kupewa jibu la wazi kama lile walilopewa watu wengine.

6. Arubaini isiyo na watu

Hata hivyo jambo lililoumiza zaidi halikuwa njia ya kwenda hospitalini bali nyumba ya kurudi. Methali husema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika Eastlands, ambako wakazi wengi wametoka sehemu nyingine za nchi, mkono wa pili kwa kawaida hutoka nje ya mji. Ama mama mzazi hupanda basi kuja kumkaa binti yake siku za mwanzo, ama binti huenda kwao kujifungulia huko. Kila jamii ina namna yake: Waislamu wana arubaini yao na kukandwa kwa maji ya moto, Wakikuyu wana njahi ya kumrudishia mzazi nguvu, na uji wa wimbi hujulikana karibu na wote. Msingi wa yote ni mmoja, nao ni kwamba mzazi asiachwe peke yake.

Tarehe 6 Aprili 2020 ilitangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Amri hiyo ilidumu hadi tarehe 7 Julai. Ikarudi tena, kwa Nairobi na kaunti nyingine nne, kuanzia tarehe 26 Machi hadi tarehe 1 Mei 2021. Kwa hiyo kwa miezi mitatu mfululizo bibi wa Siaya, wa Kakamega au wa Murang'a hakuweza kufika kwa binti yake. Jirani aliyekuwa akiingia bila ya kubisha hodi sasa alisimama mlangoni na barakoa usoni. Neno hili barakoa lina historia yake, kwani hapo kale lilitaja utaji wa uso wa wanawake wa pwani na wa Uarabuni, likafufuliwa katika miezi hiyo kwa kazi mpya.

Katika Eastleigh mambo yalifikia upeo. Wasomali, ambao ni wakazi wengi wa mtaa huo, nao wana siku 40 za mzazi, na siku ya kutoka ndani huiita afartanbax, jina linalotokana na neno lao la arobaini. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Eastleigh ilifungwa peke yake, isiingiwe wala isitokwe. Ilipangwa kuwa siku 15, lakini amri ikaongezwa hadi mapema Juni. Mzazi aliyejifungua mwanzoni mwa Mei alimaliza sehemu kubwa ya arubaini yake ndani ya karantini ya mtaa mzima. Kwa nje hali zote mbili zilifanana, maana katika zote mtu hukaa ndani. Tofauti ilikuwa katika aliyeamuru, na katika nani aliyeruhusiwa kuingia.

Neno karantini nalo lilikuwa limebadilika maana katika majuma machache. Katika Machi na Aprili 2020 waliotengwa kwa amri ya serikali waliwekwa katika hoteli na mabweni na kutakiwa walipe gharama zao wenyewe, mpaka mwezi wa Mei serikali ilipokubali kuzibeba. Baadhi ya waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa huko huko. Hivyo katika masikio ya wakazi karantini haikuwa tena namna ya kinga, ilikuwa aina ya kifungo chenye ankara. Mjamzito aliyekohoa alikuwa na sababu ya kuficha kikohozi chake. Kadhalika, kukaa nyumbani kulikuwa na maana kwa mwenye nyumba tu. Tarehe 4 Mei 2020 makazi ya maelfu ya watu yalibomolewa katika Kariobangi, katika majira ya mvua na chini ya kafyu. Waliolala nje usiku ule walikuwa na wazazi na watoto wachanga miongoni mwao.

7. Namna ya kupima wahaka

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Nchini Kenya mahali pa kutibia maradhi hayo palijulikana kwa muda mrefu kuwa ni Mathari. Hospitali hiyo, kabla ya kufanywa nyumba ya wenye wazimu katika 1910, ilikuwa mahali pa kutengea wenye ndui. Hapa pia kutengwa kulitangulia tiba, na si ajabu kwamba mzazi mwenye mawazo mengi hakupenda kutajiwa jina la mahali hapo.

Kipimo kinachotumiwa zaidi kwa wazazi ni kile cha Edinburgh, kilichotolewa mwaka 1987 na Cox, Holden na Sagovsky. Kina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, nacho kimefasiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Katika maswali hayo yapo yanayouliza kama mzazi amekuwa na wasiwasi, au ameshikwa na hofu, pasipo sababu ya maana. Mfasiri hukutana hapa na matatizo mawili. La kwanza ni la uchaguzi wa neno. Akiandika wasiwasi, Mwislamu wa Pumwani anaweza kusikia ndani yake upungufu wa imani. Akiandika hofu, swali hutafuta kitu cha kuhofiwa. Akiandika wahaka, vijana wengi wa Umoja hawatalifahamu. La pili ni kubwa zaidi, na halitatuliwi kwa kamusi. Swali lenyewe hudhani kwamba sababu haipo. Kwa mwanamke wa Kiamaiko katika Aprili 2020 sababu ilikuwapo, na ilikuwa na tarehe na saa. Akijibu kwamba hana wasiwasi usio na sababu, atakuwa amesema kweli, na kipimo kitamhesabu kuwa mzima. Akijibu kwamba anao, atakuwa ameugua kwa jambo ambalo jirani zake wote wanalijua.

Hii haina maana kwamba kipimo hicho hakifai. Maana yake ni kwamba neno la afya haliwezi kufasiriwa bila ya historia ya mahali, na kwamba kazi ya mwanaisimu katika jambo hili si pambo. Tafsiri isiyofaa humficha mgonjwa.

8. Yaliyofanywa

Ingekuwa si haki kueleza madhara bila ya kueleza juhudi. Katika Aprili 2020 Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari wa uzazi mjini Nairobi, aliona kwamba usiku wa kafyu wodi zilikuwa na wajawazito wachache, na kwamba baadhi ya waliofika walikuwa wamechelewa. Alitangaza kwamba yu tayari kuwatafutia usafiri, na kutokana na wito huo ukaanzishwa mpango wa Wheels for Life. Mwanamke alipiga simu bila ya malipo, akazungumza na daktari, na ikibidi teksi yenye kibali au gari la wagonjwa likatumwa kumchukua. Inafaa kuangaliwa kwamba huduma hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Gari liliondoa kizuizi cha barabarani. Sauti ya daktari kwenye simu ilijibu ule mnong'ono ambao mjamzito hakuwa na wa kumweleza, na kwa wengine jibu hilo pekee lilitosha.

Katika ploti na ghorofa, majirani nao walitafuta njia zao. Wakunga wa jadi, ambao sera ya serikali ilikuwa imewaweka kando, waliitwa tena pale ambapo barabara ilionekana ya hatari zaidi kuliko kuzalia nyumbani. Vyama vya akina mama vilivyozoea kukutana kila juma viligeuza michango yake kuwa unga na nepi. Kwa wenye simu, bibi wa mashambani alimwongoza binti yake kwa sauti: namna ya kumshika mtoto, namna ya kumwogesha, lini kitovu kitaanguka. Arubaini ilifanywa kwa simu, kwa kadiri ilivyowezekana.

9. Hitimisho

Saa za kafyu zilipunguzwa kidogo kidogo, na hatimaye amri yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, katika sherehe za Siku ya Mashujaa. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 69 tangu kutangazwa kwa hali ya hatari ya 1952. Imani katika hospitali haikuvunjika: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 82. Takwimu hizo ni za nchi nzima na ni za kutia moyo. Hazielezi, hata hivyo, mama alifika vipi langoni, wala alirudi kwa nani.

Mambo matatu yanajitokeza katika maelezo haya. Kwanza, wahaka wa wazazi wa Eastlands haukuanza na virusi. Ulijengwa juu ya karne moja ya mji ambao ulimtenga mtu wa chini kila maradhi yalipoingia, na ambao ulichelewa kumtambua mama wa Kiafrika kuwa mkazi wake. Pili, amri ya afya huwa pia tungo la lugha. Ikisema funga bila ya kusema mwenye kujifungua afanyeje, hujazwa maana na wale wanaoisikia, nao huijaza kwa yale wanayoyakumbuka. Tatu, desturi ya arubaini ilikuwa na elimu ambayo amri za 2020 hazikuizingatia, yaani kwamba kumkinga mtu na kumwacha peke yake ni mambo mawili. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maradhi mengine yatakuja, na karantini nyingine itaamriwa. Watakaoiandika kanuni yake kwa Kiswahili watafanya vyema wakimwachia mzazi mlango mmoja, hata kama ni wa mtu mmoja tu aliyepimwa na kuvaa barakoa, aingie akae naye.